Mwenyeji Nani, Mgeni Nani

Vyumba vilikuwa vitatu na tulitakiwa kuchagua kimoja: Kivuli, Korongo au Mkeka. Vero alisema vinaitwa launji, viko uwanja wa ndege Dar, na mtu anayesubiri ndege anakaa humo kama yuko sebuleni kwake. Anakula, anakunywa, anachaji simu, na hakuna wa kumwambia asogee.

"Masaa saba, Kansiime," alisema. "Ndege ya Bukoba inatushusha Dar saa sita mchana, ile kubwa inaondoka saa moja jioni. Ukikaa muda wote huo kwenye viti vya chuma utafika Uturuki na mgongo wa bibi."

"Mgongo wangu umefanya nini tena?" bibi akauliza kutoka kwenye kigoda chake. Masikio ya bibi huchagua. Ukimwambia anywe dawa hasikii, ukimtaja pembeni anasikia.

Tulicheka. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, kwetu Ihembe, tumekaa barazani, simu ya Vero imeegemezwa kwenye kikombe ili tuone wote.

Vero ni binti wa baba mkubwa. Wote wawili tumelelewa na bibi Pulkeria, tukalala kitanda kimoja mpaka yeye alipokwenda sekondari. Mimi nilipomaliza la saba nilibaki na bibi, ndiyo nikajifunza kahawa. Vero sasa anaishi Kibingo, wilaya ya Kyerwa, na ni katibu wa kikundi chetu cha Tweyambe. Tuko wanawake arobaini, wengine wa huku Karagwe, wengine wa Kibingo na Songambele. Wenzetu wanaleta kahawa mbichi, mimi naitengeneza, Vero anaandika barua na kuongea na watu wa ofisi. Namwita dada. Mpaka wakati ule sikuwa na neno jingine la kumwita.

Kahawa yenyewe si ya kunywa. Ni ya kutafuna, akamwani, ile anayopewa mgeni akishakaa, kabla hata hujamuuliza habari za alikotoka. Unaichuma ikiwa imekomaa haijaiva sana, unaichemsha na majani ya harufu, unaianika siku nyingi, unaigeuza kwa mkono. Siku ya mawingu unakaa nayo kama mtu anayeuguza mtoto. Ikikauka naifunga kumi kumi kwenye jani kavu la mgomba. Wengi wanaifanya huku kwetu, lakini ya kwangu ina majani mawili aliyonionyesha bibi, na siyataji.

Mwishoni mwa mwaka alikuja bwana mmoja anaitwa Adelard, kazi yake kutafuta washiriki wa maonyesho ya kahawa huko Uturuki. Alishapita vikundi vingi, alikuwa amechoka na viatu vimejaa matope. Nikampa kiti, nikafungua kifurushi, nikatafuna punje moja mbele yake, ndipo nikamnyooshea kiganja.

"Mbona umeanza wewe?" akauliza.

"Ndivyo ilivyo. Nyineka anatangulia, ili mgeni aone kilichopo mkononi ni salama."

"Nyineka ndiye nani?"

"Mwenye nyumba. Mwenyeji."

"Na asipotangulia?"

"Hatujawahi kuona," nikasema, na bibi akacheka kule alikokuwa.

Bwana Adelard alitafuna, akafumba macho, akafungua daftari lake akaandika. Wiki tatu baadaye alinipigia yeye mwenyewe. Waandaaji wameichagua akamwani. Wanalipia watu wawili, tiketi na mahali pa kupumzikia njiani. "Na wewe, Kansiime," alisema, "ndiye mgeni wetu wa heshima." Nililia kwa sauti mpaka bibi akauliza nani amekufa.

Wanawake wa Tweyambe walisema wa pili awe Vero, kwa sababu anajua Kiingereza. Nilifurahi mno. Fomu ikaja kwenye simu yake, na ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaijaza siku ile.

"Mimi naona Mkeka," Vero alisema. "Tazama masofa. Tazama supu."

"Rudisha picha ya mlango."

"Mlango wa nini? Unataka kula mlango?"

Akairudisha. Pale mlangoni palikuwa na kibao, na namba ni namba hata kama maneno siyajui. "Wanafunga saa kumi jioni," nikamwambia. "Ndege yetu saa moja. Supu yenyewe itatuacha nje."

"Ehee. Basi Korongo."

Korongo kilikuwa kizuri, lakini nyuma ya kioo chake walionekana watu wamesimama foleni na mikokoteni ya masanduku. Nikamwonyesha Vero. Wale walikuwa hawajakaguliwa, maana masanduku makubwa bado wanayo. Kwa hiyo Korongo kiko kabla ya ukaguzi, na ukikaa humo unatakiwa uinuke mapema uende kupanga foleni na wewe. Kivuli, wageni wake wote walikuwa na mikoba midogo tu, na ndege zilikuwa karibu na dirisha kiasi cha kuhesabu magurudumu. Hao walishakaguliwa. Hao wanasubiri kuitwa.

"Wee, Kansiime," Vero akasema, "umewahi kwenda?"

"Nimewahi kuangalia."

Nikamwambia na habari ya viti. Kwenye picha ya Kivuli kulikuwa na saa ukutani, inasema saa kumi, na miguu ya viti vya dirishani ilikuwa imetupa vivuli virefu mpaka katikati ya chumba. Kwa hiyo jua la alasiri linapiga pale pale. Mimi naanika kahawa, jua nalijua. Tukifika tusidanganyike na dirisha, tukae safu ya tatu, karibu na nguzo, penye tundu la kuchajia. Vero aliitikia "sawa mama" huku anacheka, akabonyeza Kivuli.

"Haya, sasa majina. Hapa wanauliza mwenyeji nani, mgeni nani."

Sikufikiri hata kidogo. Kwetu mgeni ndiye mtu. Kiti kizuri ni chake, firigisi ni yake, akisema anaondoka anasindikizwa mpaka barabarani. Mwenyeji ni yule anayehangaika na sinia na kula mwisho. Na bwana Adelard alishasema kwa mdomo wake mgeni ni nani.

"Mgeni ni mimi," nikasema. "Wewe uwe mwenyeji, unitumikie siku moja."

Kidole cha Vero kilisimama juu ya kioo. Nilikiona. Mimi ni mtu wa kuangalia vidole. Ukichambua kahawa na wanawake arobaini unajua nani anatoa mbovu na nani anaipitisha. Kidole chake kilisimama muda wa kumeza mate mara mbili.

"Una uhakika?"

"Sasa nikose uhakika wa nini? Si bwana Adelard amesema mwenyewe?"

"Haya. Umesema wewe."

Akaandika. Nikadhani alisimama kwa kunionea huruma, nisije nikaaibika mbele ya wageni wengine. Hivyo ndivyo nilivyokuwa namfikiria.

"Namba ya simu ya kupokelea ujumbe?" akauliza. "Yangu nikiwa Kibingo mtandao unakwenda na kurudi."

"Weka yangu."

Akaweka yangu, na kwenye lugha ya ujumbe nikamwomba abonyeze Kiswahili.

Siku zilizofuata nilifanya kazi ambayo sijawahi kuifanya. Vifurushi mia tatu. Kahawa ilikuja kwa bodaboda kutoka Songambele, mifuko imefungwa na kanga za wenyewe, kila mwenye mfuko ananitumia salamu: nisalimie Waturuki, uwaambie hii ni ya shamba langu. Nilikwenda Bukoba kuchukua pasi ya kusafiria. Nikalisoma jina langu kwenye basi njia nzima, Kansiime, i mbili, herufi kwa herufi. Jioni nilimsimulia bibi chumba cha Kivuli, wapi wanaweka vikombe, wapi bafu, yule mama mwenye shungi la kijani aliyesimama mapokezini kwenye picha. Bibi akauliza kama yule mama analipwa kwa kusimama. Nikasema ndiyo. Akasema basi na yeye angeweza kazi hiyo zamani, kabla ya mgongo.

Mchumba wa Vero, Edgar, anayeuza simu Omurushaka, alipita siku moja kuleta maboksi ya kupakilia. "Shemeji," aliniambia, "kule usije ukaanza kuwatafunia watu mbele ya macho yao. Watadhani una njaa."

"Nikianza mimi watajua ni salama."

"Watajua ni mshamba," akasema, akacheka peke yake. Kisha akauliza viti vya Kivuli kama vinalala. Nikamwambia vile vya safu ya tatu vinalala, nilikwishaviona. Sikujiuliza jina la Kivuli kalipata wapi.

Ujumbe ulikuja Jumatano, nikiwa nimepiga magoti kwenye jamvi la kuanikia. Nilifuta mikono nikausoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole:

*Mabadiliko yako yamepokelewa. Launji ya Kivuli, Jumapili, kuanzia saa saba mchana. Mwenyeji: Veronica. Mgeni: Edgar. Tiketi zimesahihishwa. Namba ya kuingilia itatumwa kwenye simu hii mwenyeji atakapofika mlangoni.*

Niliendelea kugeuza kahawa mpaka mwisho wa jamvi. Halafu nikampigia bwana Adelard.

Alikuwa na sauti ya mtu aliyeko barabarani. "Kansiime, mimi mwenyewe nilishangaa," alisema. "Mwenyeji kwenye fomu ile ndiye mwenye nafasi. Ndiye mshiriki. Mgeni ni mtu anayefuatana naye tu, na mwenyeji anaweza kumbadilisha muda wowote. Nilipoona Veronica ameandikwa mwenyeji nikajua mmekubaliana wenyewe, labda umempisha."

"Lakini uliniambia mimi ndiye mgeni wa heshima."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Ilikuwa ni lugha tu, dada yangu. Lugha ya kukupongeza." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Mimi siwezi kubadilisha, anaweza mwenyeji peke yake, na mwisho ni Ijumaa saa sita usiku. Ongea naye. Ni ndugu yako, si ndiyo?"

"Ndiyo."

Sikuongea naye. Nilitaka aongee yeye. Jumatano ile ilipita, Alhamisi ikapita, simu ilikuwa mfukoni mwa aproni na kila ikilia nafuta mikono. Mmoja wa Songambele aliuliza kama mfuko wake ulifika. Mtu wa kwaya aliuliza kama nitakuwepo Pasaka. Vero hakupiga. Nikajiambia labda anakuja mwenyewe, jambo kama hilo halisemwi kwenye simu. Nikafunga vifurushi vilivyobaki. Sikulegeza hata fundo moja, na naomba hilo lijulikane, maana kahawa ile ilikuwa ya watu.

Ijumaa mchana lilikuja gari dogo. Vero akashuka amesuka nywele mpya. Edgar akabaki ndani ya gari na kioo amekipandisha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Yule ndani ya gari ni mgonjwa?" bibi akauliza.

"Hapana bibi, amechoka na safari."

"Omurushaka mpaka hapa?" Bibi akatikisa kichwa, akarudi kwenye kigoda.

Nilimwekea Vero kiti. Hakukikalia mara moja, akasimama anaangalia maboksi yaliyopangwa ukutani. Kisha akakaa ukingoni, akanishika mkono, na macho yake yakapata maji. Hicho ndicho kitu ambacho mpaka leo sikielewi, maji yale yalikuwa ya kweli.

"Mdogo wangu, nina habari mbaya. Wamekukataa."

"Nani?"

"Wa tiketi. Kwenye pasi yako jina lina i mbili, Kansiime. Kwenye tiketi waliandika moja. Nimepiga simu, nimeomba, nimelia. Wanasema mpaka mwaka ujao. Sasa nafasi isipotee bure, nikaona Edgar anisindikize, anisaidie na mizigo. Wewe mwaka ujao utakwenda wa kwanza, naapa."

"I moja," nikasema.

"I moja tu, fikiria! Hawa watu!"

Niliingia ndani. Nikachukua kifurushi kimoja kutoka kwenye akiba ya bibi, nikatoka nacho, nikapiga goti mbele ya kiti chake kama anavyopewa mgeni yeyote. Nikafungua jani. Nikaweka punje mbili kwenye kiganja cha kulia, mkono wa kushoto chini ya kiwiko, nikamnyooshea.

Sikutafuna kwanza.

Vero aliinua mkono wake, ukafika katikati, ukasimama. Alizaliwa humu humu. Tangu tukiwa wadogo tulikuwa tunagombania nani atangulie kutafuna mbele ya wageni, kwa sababu anayetangulia anakula mbili. Alinitazama mdomo. Akasubiri. Mimi nikasubiri. Bibi aliacha kutafuna kahawa yake.

"Kansiime, tangulia," akasema kwa sauti ndogo.

"Kwani mwenyeji ni nani?"

Mkono wake ukarudi mapajani. Nikamwona anajua. Nikamwona pia anatafuta nimejuaje, anapitisha majina kichwani, bwana Adelard, Edgar, nani. Kwenye simu yangu hakufika.

"Ulisema mwenyewe," akasema. Sasa maji yalishakauka. "Nilikuuliza, una uhakika? Nilikuuliza au sikukuuliza? Ukasema mgeni ni wewe."

"Ulijua nilivyoelewa."

"Nilijua, haya, nilijua! Ungefanya nini kule, Kansiime? Wakikuuliza bei, wakikuuliza tani ngapi kwa mwezi, utawatafunia? Mimi ndiye niliyeandika barua kumi na moja. Kumi na moja! Nani aliniita mgeni wa heshima? Alikuja hapa akatafuna punje moja ya kwako akafumba macho, na mimi nimekaa pale na faili, hakuniuliza hata jina."

Hilo lilikuwa kweli. Alikaa pale na faili. Nilimwona siku ile akilifunga polepole, na sikusema kitu.

"Ungeniambia," nikasema. "Ungeniambia, dada, nataka kuwa wa kwanza. Ningekupa. Tungekwenda wote wawili, wewe mwenyeji, mimi mgeni wako. Edgar ametokea wapi?"

Alitazama gari. "Tunafunga ndoa mwezi wa nane," alisema. "Anasema mimi nitazunguka dunia na yeye atabaki kuuza chaja." Kisha akainuka, akakunguta sketi yake ingawa hakukuwa na vumbi. "Nitakuletea zawadi nzuri."

"Mpaka leo saa sita usiku unaweza kubadilisha."

Alisimama. Nadhani alisimama muda ule ule wa siku ya fomu, wa kumeza mate mara mbili. Edgar akapiga honi, mara moja, fupi.

"Maboksi yako tayari?" akauliza Vero.

Niliyabeba mimi mwenyewe mpaka kwenye gari, maboksi yote sita. Kila boksi nilikuwa nimeliandika majina ya wanawake ambao kahawa yao imo, na nikamwomba ayaweke mezani kule, majina yaonekane. Akasema atayaweka. Edgar alifungua buti kutoka ndani bila kushuka. "Shemeji usikasirike," alisema kupitia upenyo wa kioo, "mwaka ujao."

Nilibaki macho na simu pembeni ya mto mpaka saa sita ikapita. Hakukuja ujumbe wowote.

Bibi hakuniuliza kitu mpaka Jumapili asubuhi, tunavaa viatu vya kanisani. Akasema, "Punje zile mbili ulizipeleka wapi?" Nikamwambia nimezitupa kwa kuku. Akasema vema, lakini angalau ningezirudisha kwenye kifurushi, punje hazina kosa.

Tuliporudi kutoka ibadani nilibadilisha nguo, nikaanika kundi jipya. Kulikuwa na jua zuri la kukausha. Saa saba na robo simu ikatetemeka kwenye aproni. Nikafuta mikono.

*Karibu Kivuli. Namba ya kuingilia ni* na kisha tarakimu sita, na chini yake: *Namba hii inatumika kwa dakika thelathini.*

Nilikuwa nimesahau. Watu hawataniamini lakini nilikuwa nimesahau kabisa kwamba namba ya simu iliyoandikwa ni yangu. Na Vero naye alisahau, alibadilisha jina akaacha simu. Nilizitazama zile tarakimu. Zilikuwa nyepesi kushika, mpaka leo nazikumbuka.

Simu ikalia.

"Kansiime, mdogo wangu, shikamoo ya bibi umfikishie, tumefika salama," Vero alisema yote kwa pumzi moja. Nyuma yake nilisikia kengele laini na sauti ya mwanamke inaita abiria. "Sikia, umepata ujumbe hapo? Kuna namba. Tuko mlangoni hapa Kivuli, wanataka namba, wanasema imetumwa kwenye simu iliyoandikishwa. Nisomee haraka."

Niligeuza kahawa kwa mkono mmoja.

"Unanisikia? Haloo?"

"Nakusikia. Mapokezini yupo mama mwenye shungi la kijani?"

"Nini? Yupo, ndiyo, ananitazama hapa. Watu wako nyuma yangu, Kansiime. Nisomee namba."

Nikasikia Edgar anasema, "Mwambie asilete ujinga," na Vero anamwambia nyamaza.

"Dada," nikasema, "mwenyeji wa hapo ni nani?"

Kengele ikalia tena. Mtu akasema samahani, kama anapita katikati yao.

"Mimi," akasema.

"Basi nyumba ni yako. Mwenye nyumba haombi namba ya mlango kwa mgeni."

"Kansiime, tafadhali. Masaa sita. Mimi ni dada yako."

"Mgeni ulishambadilisha. Muulize yeye."

Nikakata. Ikalia tena mara nne, nikaiweka chini ya jani la mgomba lisipate jua, ikawa inalia chini ya jani kama panzi. Baada ya nusu saa ilinyamaza, na namba ile ikawa haina kazi kwangu wala kwao.

Nilidhani nitajisikia vizuri. Niligeuza kahawa jamvi zima. Najua hakuna aliyekufa kwa kukaa kwenye kiti cha chuma. Ndege waliipanda, maboksi yalifika, na picha zilikuja kwenye kundi la Tweyambe, Vero mezani ameshika kifurushi changu, Edgar pembeni na tai. Maboksi yenye majina ya wanawake hayaonekani kwenye picha hata moja, nimezikuza zote.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumapili ile, kadiri jua lilivyoshuka, nilikuwa nakitazama kile chumba kichwani. Ilipofika saa kumi nikajua sasa vivuli vya viti vimefika katikati ya sakafu, na waliokaa dirishani wanahama. Nikaona safu ya tatu, karibu na nguzo, viti viwili vinavyolala na tundu la kuchajia katikati yake, na hakuna aliyevikalia.

"Unaangalia nini?" bibi akaniuliza.

"Hakuna, bibi."

"Basi njoo tutafune."

Nikaenda. Nikachukua kifurushi, nikafungua, nikatia punje moja mdomoni mbele yake, kisha nikamnyooshea kiganja.